Matope, Lami na Theluji: Tairi Lilivyoingia Singida

Miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam kutoka Japani, yamo yanayofika yakiwa bado yamefungwa matairi ya theluji. Gari limeuzwa mnadani kaskazini mwa Japani wakati wa baridi, likapakiwa melini jinsi lilivyo, na baada ya wiki kadhaa linapanda barabara ya kati, linapita Morogoro, Dodoma na Manyoni mpaka Singida. Huko mnunuzi hulikagua tairi kwa namna aliyoizoea: anachungulia kina cha kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, kisha anabonyeza mpira kwa kidole gumba kuona kama umekauka. Kwa vipimo hivyo viwili tairi la theluji halina mpinzani. Kashata zake zina kina na mpira wake ni laini. Mnunuzi anaridhika, na matairi yanabaki kwenye gari mpaka yaishe.

Vipimo hivyo havikuokotwa njiani. Vilifundishwa na karibu miaka 100 ya barabara za udongo, masika ya mbugani na uhaba wa matairi, na kwa muda wote huo vilikuwa vipimo vya kweli. Kilichobadilika ni barabara. Mwanzoni mwa karne hii lami iliingia mkoani kwa kasi, na kazi ya tairi ikahama kutoka kupambana na tope kwenda kuhimili joto, mzigo na mwendo. Wakati huohuo, mbali na Singida, watengenezaji wa matairi walikuwa wamebadilisha mpira wenyewe kwa namna ambayo jicho na kidole haviwezi kuitambua. Historia hizo mbili zilikutana kwenye barabara moja bila kujuana, na hatari ya leo inatokana na kukutana huko.

Kabla ya tairi: Mgunda Mkali, reli na dhahabu

Ardhi ya Singida ina tabia mbili. Juu kwenye miinuko ya granaiti udongo ni wa kichanga, maji hunywea upesi, na njia hukauka muda mfupi baada ya mvua. Chini mabondeni ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa pana, na masika hufyonza maji, huvimba na kunata. Mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, kiasi cha milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Si mvua nyingi, ila hushuka kwa vishindo na maji yake hukusanyika mbugani. Njia ndefu haiwezi kukwepa kushuka mbugani mahali fulani. Mbuga kubwa kuliko zote ni Wembere, tambarare iliyotandazwa magharibi chini ya ukingo wa Iramba, na mteremko unaoshuka kutoka ukingoni kwenda huko ndio Sekenke.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita kusini mwa mkoa huu, ikikatiza nyika iliyoitwa Mgunda Mkali. Mizigo ilikwenda vichwani na mabegani mwa wapagazi, na walichokihofu ni kiu kuliko matope, kwa kuwa visima vilikuwa mbalimbali mno. Wajerumani walipojenga boma Kilimatinde, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, walifuata njia hiyohiyo. Reli ya Kati nayo haikwenda mbali nayo: ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipita Manyoni na Itigi. Kwa hiyo kusini mwa Singida kulipata chuma na mvuke kabla ya kujua tairi ni nini.

Kaskazini hakukuwa na bahati hiyo. Sekenke kulikuwa na dhahabu, iliyochimbwa na Wajerumani kuanzia mwaka 1909, lakini mgodi ulikuwa mbali na reli, na kila kilichoingia au kutoka kilivuka nyika kwa miguu ya watu na wanyama. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuia meli za Ujerumani, dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, zile zenye picha ya tembo. Utajiri ulikuwepo mapema. Kilichokosekana ni njia ya kuupitisha mwaka mzima.

Somo la kwanza kubwa kuhusu gari na masika katika nyanda hizi lilitolewa mwaka huohuo, jirani tu, Kondoa. Mwezi Aprili 1916 majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliuteka mji huo, kisha mvua ikafunga njia nyuma yao. Magari yalizama, wanyama wa mizigo wakafa kwa wingi, na askari wakakaa wiki nyingi kwa chakula cha kubahatisha. Jeshi lililokuwa na magari lilijikuta likitegemea tena wapagazi. Dereva wa Singida wa miaka iliyofuata hakuhitaji kusoma habari za vita hiyo ili kuelewa kilichotokea. Alikutana nacho kila mwaka.

Lori na reli iliyong'olewa, 1920–1950

Baada ya vita, Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na lori likaanza kuzoeleka. Wafanyabiashara wa Kiasia walifungua maduka katika miji midogo, wakanunua ngozi, samli, nta na karanga, wakauza nguo na chumvi. Biashara hiyo ilikwenda kwa kalenda ya udongo. Kiangazi lori lilifika karibu kila kijiji kwa kufuata njia za ng'ombe. Masika lilisimama, au lilikwenda kwa safari isiyo na saa ya kufika, likiwa na matawi, mbao na majembe ya kujichimbua.

Serikali iliona tatizo, na jibu lake la kwanza lilikuwa reli. Katika miaka ya 1930 ulijengwa mchepuko kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, kwa matumaini kwamba mazao ya kaskazini yangejaza mabehewa. Hayakujaza. Katika miaka ya 1940 reli hiyo ilifungwa na kung'olewa. Nauona uamuzi huo kuwa mojawapo ya mambo makubwa katika historia ya usafiri mkoani, ingawa hautajwi sana, kwa sababu uliiacha nusu ya kaskazini mikononi mwa tairi peke yake. Tangu hapo mgonjwa wa Kiomboi, gunia la karanga la Nduguti na barua ya Singida mjini vyote vilitegemea mpira unaozunguka juu ya udongo, na udongo huo ulikuwa wa mbuga.

Ni vyema kueleza tope la mbuga linafanya nini, kwa kuwa ndilo lililomfundisha mnunuzi. Tairi likiingia kwenye udongo mweusi uliolowa, udongo hushika mpira na kujaza mifereji iliyo kati ya kashata. Mzunguko mmoja, miwili, na mifereji haionekani tena. Lililobaki ni gurudumu lililovaa tope laini kama sabuni. Injini inanguruma, gurudumu linazunguka palepale, na kila mzunguko unalizamisha zaidi. Tairi linaloweza kujinasua ni lile lenye kashata ndefu na nafasi pana kati yake, ili tope lirushwe nje kabla halijaganda. Tairi kipara halina hata pa kuanzia. Ndiyo maana katika nyanda hizi kina cha kashata kikawa thamani ya tairi: asiyekuwa na kashata halali nyumbani.

Vita Kuu ya Pili iliongeza somo jingine. Mapema mwaka 1942 Japani iliteka Malaya na mashamba ya mpira ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na nchi za Washirika zikabaki zikitafuta mpira popote. Tanganyika ilikuwa na mashamba makuukuu ya mpira ya zama za Wajerumani, ambayo yalistawi kwa muda mfupi na kuporomoka bei ilipoanguka mwaka 1913. Miti hiyo ilirudiwa kugemwa, na watu wakapelekwa mashambani kwa amri ya kazi ya lazima. Huku nyuma tairi jipya likawa kitu cha nadra. Wenye malori walijifunza kulitumia tairi hadi nyuzi zake zionekane, kuliziba, kulishona, na hatimaye kulikata viatu. Makatambuga ambayo wafugaji wa nyanda za kati wanavaa hadi leo ni ushahidi kwamba hapa tairi halikuwahi kutupwa likiwa na kazi iliyobaki.

Ndugu wawili wanaachana, 1934–1990

Miaka ileile Singida ilipokuwa ikitegemea lori, nchi ya mbali ilikuwa ikihangaika na utelezi wa aina nyingine. Nchini Finland kampuni ya Suomen Gummitehdas, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Nokian, ilitengeneza mwaka 1934 tairi la lori lililokusudiwa barabara za theluji, na mwaka 1936 ikatoa la magari madogo, Hakkapeliitta. Matairi hayo ya mwanzo yalikuwa na kashata nzito na mifereji mipana ya kukata theluji. Kimsingi yalikuwa ndugu wa tairi la matope. Herufi M na S ambazo bado zinachapwa ubavuni mwa matairi mengi zinawakilisha matope na theluji kwa pamoja, kwa kuwa kwa wakati huo dawa ya yote mawili ilionekana kuwa moja. Laiti tairi la Finland la mwaka 1936 lingeletwa Wembere, dereva wa Singida angelielewa mara moja, na pengine angelipenda.

Ndugu hao waliachana taratibu. Miaka ya 1960 nchi za baridi zilianza kupachika vijiti vya chuma kwenye tairi ili viume barafu. Japani navyo vikaenea, lakini huko vilileta balaa jipya: katika miji ya kaskazini kama Sapporo na Sendai magari yalikwangua lami theluji ilipoyeyuka, na vumbi lake likajaa hewani hadi wananchi wakalalamikia afya zao. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuyazuia matairi yenye vijiti. Watengenezaji walikuwa wameshaanza kutafuta njia nyingine, na mwaka 1988 Bridgestone ilitoa Blizzak, tairi lisilo na chuma ambalo mpira wake una vitundu vidogo sana. Barafu huteleza kwa sababu ya utando mwembamba wa maji ulio juu yake. Vitundu vile hunyonya utando huo, na mpira, uliochanganywa ili usikauke kwenye baridi, huigusa barafu yenyewe.

Hapa ndipo historia ilipogeuka. Tangu wakati huo kilicholitofautisha tairi la theluji na jingine hakikuwa tena umbo la kashata tu, kilikuwa mchanganyiko wa mpira. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Mpira wa tairi la theluji umetengenezwa ubaki laini hapo na chini zaidi, na gharama ya ulaini huo hulipwa kwenye joto: hulainika kupita kiasi, kashata zake zenye vipasuo vingi vyembamba hupepesuka, huisha haraka, na gari huchukua mwendo mrefu zaidi kusimama juu ya lami yenye joto kuliko lingechukua kwa tairi la kawaida. Kidole gumba kilichozoea kutafuta mpira usiokauka kinaukuta ulaini huo na kuuhesabu kuwa upya.

Tairi kwa kibali, 1961–1985

Uhuru ulikuta barabara za Singida karibu kama zilivyokuwa. Mkoa ulianzishwa mwaka 1963, na mipango ya maendeleo ilihitaji magari: ya mbegu, ya walimu, ya dawa, na baadaye ya kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Serikali iliona kwamba nchi inayotegemea tairi haiwezi kuagiza kila moja kutoka nje, na uamuzi huo ulikuwa wa busara. Kiwanda cha General Tyre kilianzishwa Arusha kwa ubia na kampuni ya Kimarekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 matairi yake yakaanza kutoka. Mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero, yaliwekwa kuwa chanzo cha malighafi. Kwa mara ya kwanza tairi lililopambana na mbuga lilikuwa limetengenezwa nchini, kwa kuzijua barabara za nchini.

Mwisho wa muongo huo uchumi ulianguka. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na upungufu wa fedha za kigeni vilikausha vipuri, na hata kiwanda cha Arusha hakikuweza kutosheleza nchi. Tairi likawa kitu cha kuombewa kibali, na nyuma ya kibali likazuka soko la magendo. Malori mazima yalisimama juu ya magogo kwa kukosa matairi mawili, huku mahindi yakioza kwenye maghala ya vijijini. Aliyelipata tairi hakuuliza lilitengenezwa kwa ajili ya nini. Aliuliza maswali mawili tu: lina kashata, na mpira umekauka? Maswali hayo yalitosha. Kila tairi lililopatikana lilikuwa la barabara za udongo, na gari halikuwahi kukimbia kiasi cha kulichemsha.

Ruksa, mvua ya El Niño na safari ya kupitia Nairobi

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kwanza kwa ruhusa ya kuagiza bidhaa kwa fedha za mtu mwenyewe na kisha kwa milango iliyofunguliwa wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, bidhaa zilirudi madukani. Magari yaliyotumika ya Japani yalifuata, yakiwa na usukani upande uleule tunaoutumia na bei ambayo mwalimu au mfanyabiashara mdogo angeweza kuiota. Sababu nyingine iko Japani kwenyewe: ukaguzi wa lazima wa magari huko ni wa gharama, na wamiliki wengi huona nafuu kuliuza gari likiwa bado zima. Ndani ya muda wa kizazi kimoja, gari la mtumba likawa ndilo gari.

Barabara haikwenda na kasi hiyo. Katika miaka ya 1990 mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza yalizunguka kupitia Nairobi, yakivuka mipaka miwili, kwa sababu njia ya ndani ya nchi kupitia Singida haikuaminika. Abiria Mtanzania aliyekuwa akienda mji mwingine wa Tanzania alihitaji hati ya kusafiria. Hakuna kielelezo kikubwa kuliko hicho cha uzito wa tope la mbuga katika maisha ya taifa. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilimaliza ubishi wowote: barabara zilikatika, reli ya kati ikasombwa maji, na magari yakakesha kwa siku nyingi kwenye nyanda za kati. Tairi la kashata ndefu liliendelea kutawala, na lilistahili.

Lami, 2000 na kuendelea

Wakala wa Barabara, TANROADS, ulianzishwa mwaka 2000, na ukanda wa kati ukapewa kipaumbele chini ya Wizara ya Ujenzi iliyoongozwa wakati huo na John Magufuli. Kipande baada ya kipande, kwa fedha za serikali na mikopo ya benki za maendeleo, lami iliunganisha Dodoma, Manyoni, Singida, Shelui na Nzega, na nyingine ikatoka Singida kupitia Katesh na Babati hadi Minjingu. Sekenke ilipata lami. Basi la Mwanza likaacha Nairobi, likapita Singida. Mji ambao zamani ulikuwa mwisho wa safari ukawa njia panda ya malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, na vitunguu vya soko la Misuna na mafuta ya alizeti vikapata wanunuzi wa mbali.

Mabadiliko hayo yaliokoa maisha na kipato, na anayeandika juu ya ubaya wa tairi asiyasahau. Lakini lami ilikuja na masharti mapya. Juu ya udongo adui wa tairi alikuwa maji na kunata, na mwendo ulikuwa mdogo. Juu ya lami adui ni joto. Mchana wa Oktoba, hewa ya Singida ikifika nyuzi 30, lami nyeusi inayopigwa na jua hupita nyuzi 50, na mpira hupokea joto hilo kutoka chini huku ukijitengenezea jingine ndani yake kwa kujikunja kila unapozunguka. Upepo ukiwa pungufu au mzigo ukizidi, kujikunja huongezeka na joto nalo. Anayeshuka Sekenke akiwa amejaza abiria anahitaji tairi gumu, lililotulia, linaloshika lami pale breki inapokanyagwa. Sifa zilizomwokoa baba yake Wembere sizo anazozihitaji hapo.

Katika miaka hiyohiyo kiwanda cha Arusha kilikuwa kinazimika. Kufikia mwaka 2009 General Tyre ilikuwa imesimamisha uzalishaji, na soko likabaki la matairi kutoka nje, mapya ya bei za kila namna pamoja na ya mtumba. Kwa hiyo, wakati hasa kazi ya tairi ilipobadilika, nchi ilipoteza mahali ambapo ujuzi wa tairi ungeweza kutengenezwa na kusambazwa kwa lugha yetu. Naamini hasara hiyo haijapimwa ipasavyo. Kiwanda kikifungwa, huondoka pia mawakala, mafunzo ya mafundi na mabango ya ukutani yanayoeleza herufi za ubavuni, na fundi pancha hubaki na kile alichoachiwa na fundi aliyemtangulia.

Mpira wa barafu kwenye jua la Singida

Tairi la theluji la Kijapani linajitambulisha kwa anayejua pa kusoma. Ubavuni kwa kawaida pameandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa, na baadhi yana mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, yaani kilomita 160 kwa saa. Tarakimu nne zinataja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3814 ni wiki ya 38 ya mwaka 2014. Na kati ya kashata, mkabala na alama ya mshale, kuna kizingiti kidogo cha mpira. Kashata ikiisha nusu, kizingiti hicho huwa sawa nayo, na Mjapani huelewa kwamba tairi halifai tena kwa theluji hata kama kwa macho limebaki na nyama. Mengi ya matairi yanayokuja na magari hayo yameshaondoka kwenye kazi yake ya asili kabla hayajapanda meli.

Wapo watakaosema Singida nayo ni baridi, hasa Juni na Julai upepo unapovuma toka usiku hadi asubuhi. Ni kweli watu huvaa makoti. Lakini hata alfajiri kali ya mkoa huu kwa kawaida iko juu ya nyuzi 7 ambazo mpira wa theluji ulitengenezewa kuanzia hapo kwenda chini. Kufikia saa nne asubuhi lami imeshapata jua. Hakuna mwezi ambao tairi hilo linakuwa nyumbani.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya matope. Barabara nyingi za Mkalama, Ikungi, Itigi na vijiji vya Iramba bado ni za udongo, na lori linalofuata alizeti au vitunguu shambani linakutana na mbuga ileile ya mwaka 1930. Je, tairi la theluji halifai hata huko? La miaka ya 1930 lingefaa. La leo lina kashata zilizobanana na vipasuo vyembamba kama uzi, vilivyokusudiwa kuuma barafu. Udongo mweusi huvijaza mara moja na hauna pa kutokea. Kwa mbuga linahitajika tairi lenye nafasi pana, na hilo ni tairi jingine kabisa, ambalo nalo si la kupeleka mwendo kasi lamini. Mwenye gari moja linalofanya kazi zote mbili analazimika kuchagua njia ipi ndiyo kubwa, na kwa wengi leo njia kubwa ni lami.

Kuna jibu la mfuko pia: matairi yamekuja na gari, hayakulipiwa, na manne mapya ni fedha nyingi kwa mtu aliyetoka tu kulipa kodi ya bandarini. Sitalidharau jibu hilo. Limetoka kwenye mazoea yaleyale ya kutotupa kitu chenye kazi. Ila tairi laini huisha upesi kwenye lami yenye joto, kwa hiyo lililoonekana la bure linahitaji mrithi mapema, na katikati ya hapo limekuwa likisimama mbali zaidi ya inavyotakiwa kila ng'ombe anapovuka. Umri nao unafanya kazi yake. Mpira wa theluji uliokaa miaka minane au kumi hukauka kama mwingine wowote, na mwenye gari akabaki na tairi lililopoteza ulaini wake bila kupata uimara wa tairi la kawaida. Wengine hujibu kwamba wameendesha nayo miaka bila dhara. Inawezekana, kwenye gari dogo, mzigo mdogo, mwendo wa mjini. Tairi hupimwa siku ya breki ya ghafla.

Mwisho, husemwa kwamba ukaguzi upo. Askari wa usalama barabarani hukamata matairi vipara, na hufanya vyema. Lakini angalia ukaguzi huo unatafuta nini: unatafuta kina cha kashata. Dola nayo inatazama kwa jicho lililofundwa na matope, na tairi la theluji lenye kashata ndefu hupita kizuizini bila swali. Kuliongeza kwenye orodha hakuhitaji mashine. Kunahitaji anayekagua gari lililotumika, bandarini au kituoni, asome maandishi ya ubavuni, na muuza magari atakiwe kumwambia mnunuzi, kwa maandishi, kwamba matairi haya ni ya theluji na ni ya mwaka gani. Fundi wa Singida akishaonyeshwa mlima wa vilele vitatu mara moja, atawaonyesha wenzake kabla ya jua kuchwa, kwa sababu ndivyo ujuzi wa kashata na kidole gumba ulivyoenea hapa tangu mwanzo.